Rock haimiksiwi kama Bongo Fleva: wimbo wa magitaa uliorekodiwa chumbani, Pasiansi

Mpiga Nyuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna watu wameniuliza inbox kuhusu ule wimbo wangu wa rock wa wavuvi wa dagaa, wanataka kujua ni studio gani ya Mwanza inarekodi rock. Hakuna studio. Ni chumba cha kupanga huku Pasiansi, laptopu, gitaa moja la umeme, besi ya kuazima na maiki moja. Nimeona nifungue uzi kuliko kujibu mmoja mmoja, maana maswali ni yale yale, halafu nina hoja ambayo najua maprodyuza wa humu wataipinga.

Hoja ni hii. Ujuzi wa kumiksi (kupatanisha treki zote ziwe wimbo mmoja) tunaopeana huku Kanda ya Ziwa ni wa Bongo Fleva na kwaya. Sauti juu, biti chini, kiki (dramu kubwa ya mguu) ivimbe, kazi imeisha. Ukiupeleka utaratibu huo kwenye rock, magitaa yatasikika kama nyuki ndani ya chupa na utabaki unalaumu vifaa. Kwenye rock gitaa siyo pambo la biti. Gitaa, sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) na mwimbaji wanagombania eneo moja la sauti, kuanzia kama 200 Hz (mitetemo kwa sekunde) mpaka 5,000 Hz, na ugomvi huo unaumaliza wakati wa kupanga na kurekodi. Ukifika kwenye fada (vitelezi vya volumu) umeshachelewa.

Programu ya kurekodi natumia Reaper. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa chochote, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Faili lake ni dogo, bando haliumii, na inaenda hata kwenye laptopu iliyochoka. FL Studio siiponde, ila mimi nikitaka kupiga gitaa mara nyingi, nikate, nichague kipande cha huku na cha kule, Reaper inanipa raha zaidi. Ekolaiza (ya kupunguza au kuongeza eneo fulani la sauti) na kompresa (ya kubana sauti zinazoruka) zake za ndani zinatosha. Wimbo mzima nimetumia hizo hizo.

Gitaa linaingia kwenye kadi ya sauti ya USB, na hapa watu wanapigwa bila kujua: swichi ya tundu iwe upande wa ala (INST), siyo laini (LINE). Pikapu za gitaa (zile sumaku zinazonasa nyuzi) zinataka ingizo lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Ukichomeka kwenye laini ya kawaida linaingia likiwa limefubaa, na hakuna ekolaiza itakayokurudishia yale makali. Rekodi kwa biti 24 na usikimbize taa nyekundu. Vilele vikigusa desibeli -12 kwenye mita inatosha kabisa.

Linaingia kavu. Distosheni (ule mkwaruzo wa rock) inakuja baadaye kwenye plagini (kiprogramu cha kuchomeka ndani ya Reaper), kwa hiyo majirani wanasikia nyuzi tu zinakwaruzwa tik tik. Amplifaya natumia Neural Amp Modeler, ni ya bure, inasoma mafaili ya amplifaya halisi ambayo watu wamezinasa. Lakini lazima baada yake uweke faili la kabati la spika, yaani linaloiga spika ya gitaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana mlio kuanzia kama 5,000 Hz kwenda juu. Distosheni isiyopita kwenye spika ni msumeno mtupu. Malalamiko mengi ya "plagini za bure mbovu" nikiyafuatilia nakuta jamaa kasahau kabati.

Sasa rithimu. Nimeipiga mara mbili mwanzo mpaka mwisho, moja nimeitupa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. NIMEIPIGA mara mbili, sikuikopi. Ukikopi treki moja ukaipeleka upande wa pili, hujapata upana wowote, umepata gitaa lile lile katikati lenye sauti kubwa zaidi. Wajanja wanakopi kisha wanaisogeza milisekunde 15. Kwenye hedifoni inapendeza. Subiri wimbo uchezwe kwenye spika moja ya bluetooth: pande mbili zinajumlishwa na zinafutana kwenye 33 Hz, 100 Hz, 167 Hz na kuendelea juu kwa hatua zile zile. Mkono wako ukipiga mara ya pili hauwezi kufanana na wa kwanza, na tofauti hizo ndogondogo ndizo zinazojaza pande mbili.

Na distosheni punguza. Peleka kitufe mpaka pale unapoona limenoga, halafu rudisha nyuma robo. Treki mbili zikijumlishwa ukali unaongezeka wenyewe, na geini (nguvu ya distosheni) ikizidi unapoteza ule mgongano wa peki na waya ambao ndo unaofanya rock iende mbele. Kompresa kwenye gitaa lenye distosheni usihangaike nayo, distosheni yenyewe imeshabana kila kitu. Angalia tu umbo la wimbi kwenye skrini, limenyooka juu na chini, utabana nini tena?

Besi nimeigawa treki mbili kutoka kurekodi moja. Ya kwanza nimekata kila kitu juu ya 200 Hz, nikaibana ikatulia, ni uzito tu. Ya pili nimekata chini, nikaiwekea distosheni ya wastani. Sababu ni simu. Waya mnene wa besi, ule wa E, ukiupiga wazi ni 41 Hz na hakuna spika ya simu inayotoa kitu kama hicho. Distosheni inazalisha 82, 123, 164, na sikio likisikia hizo linajaza lenyewe ile ya chini. Kwenye sabufa unapata uzito, kwenye simu unapata mlio, na noti ni ile ile.

Dramu nimezipanga kwa midi (noti za kuandika kwenye kompyuta, kila dramu na namba yake), MT Power Drum Kit, nayo ya bure. Kiki namba 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42. Jambo la kuzingatia ni kwamba mpiga dramu ana mikono miwili. Nasikia nyimbo humu ambazo haihati, sneya na tuazi vinagongwa kwa mpigo mmoja, huyo mkono wa tatu kautoa wapi? Halafu nguvu ya pigo isiwe 127, yaani ya juu kabisa, mwanzo mwisho. Haihati yangu inapanda na kushuka kati ya 70 na 105, sneya za kiitikio ndo zinapigwa kwa hasira.

Sauti nimerekodia kabatini. Siyo utani, nimefungua mlango wa kabati la nguo, godoro limesimama nyuma yangu, maiki ya dainamiki ya jukwaani inatazama mashati. Kondensa, ile maiki inayonasa kila kitu, kwenye nyumba zetu hizi za bati inakuletea jogoo, bodaboda na mahubiri ya mtaa wa pili. Mvua ikianza, acha sauti, rekodi gitaa. Gitaa halisikii mvua.

Kumiksi nitaeleza nikiulizwa, maana nimeandika sana. Kwa kifupi: nilimiksi kwanza kwa mono (kushoto na kulia vimejumlishwa kuwa kimoja), magitaa nimekata chini ya 90 Hz, na mwimbaji akianza magitaa yanashuka desibeli 2 kwenye eneo la 2,000 mpaka 4,000 Hz, akinyamaza yanarudi.

Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Kivukoni

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Prodyuza wa Igoma

Mkuu uzi mzuri ila hapo mwanzo umetupiga dongo bila sababu. Nimefanya Bongo Fleva miaka, singeli, na kwaya siwezi kuhesabu, na sijaona msikilizaji wa Mwanza anayenunua gitaa. Anataka maneno. Wimbo wako nimeusikiliza mara mbili, magitaa safi, dramu sijaamini kama ni midi, lakini ubeti wa pili sijaelewa unasema nini. Mvuvi amefanyaje? Kafa au karudi? Ningepandisha sauti desibeli 3 na ingekaa sawa, na hapo hakuna falsafa ya rock wala nini, ni masikio ya watu.

Pia wimbo wako mdogo, sauti yake yote iko chini. Nimeuweka baada ya kazi yangu moja kwenye gari nikadhani redio imeharibika.

Mpiga Nyuzi

Mkuu dongo halikuwa lako, lilikuwa la utaratibu. Karibu tena.

Kuhusu sauti: nilijaribu kuipandisha kama unavyosema, na bendi ikawa ndogo. Ndo tabia ya rock, ukimtoa mwimbaji mbele sana, magitaa yanageuka kuwa redio ya jirani. Anatakiwa akae NDANI ya magitaa na bado umwelewe. Kwa hiyo badala ya fada natafuta nafasi. Kwenye ubeti wa pili unaousema kuna gitaa la tatu, lile safi lenye dilei (mlio unaojirudia), na lenyewe liko kule kule anakoimbia. Nitalipunguza hilo kwanza kabla ya kugusa sauti. Ukisikia bado humwelewi mvuvi, nakupa desibeli 1, siyo 3.

Kuhusu udogo hapo siwezi kukubali. Spotify inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) kwa mpangilio wake wa kawaida, na YouTube nayo inashusha zilizozidi. Kazi yako ikiwa -7, kule inashushwa desibeli 7 na inabaki imebanwa. Yangu iko -11, kilele -1. Kwenye gari kwa flashi unanishinda, hilo ni kweli. Msikilizaji ana kitufe cha volumu.

Prodyuza wa Igoma

Msikilizaji wa bajaji hana kitufe, dereva ndo anacho. Na dereva anatumia flashi.

Mwana wa Kivukoni

😂😂 Hapo mkuu amekupata.

Kijana Nyegezi

Wakuu mimi ni mwanafunzi, nina laptopu ya ramu 4 na gitaa. Nikipiga, sauti inachelewa kutoka kwenye hedifoni, yaani napiga halafu nasikia kama mtu ananiigiza. Nimeshindwa hata kufuata metronomu. Sina kadi ya sauti, nachomeka kwenye tundu la maiki. Naombeni msaada, na pia kama simu inaweza kutumika.

Mpiga Nyuzi

Mdogo wangu, hapo shida ni mbili. Kwanza tundu la maiki la laptopu halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa, kwa hiyo hata ukimaliza ucheleweshaji mlio utakuwa mbaya. Kadi ya sauti ndogo kabisa ya tundu moja ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya pedali, kabla ya plagini yoyote.

Pili ni bafa. Kompyuta inakusanya sampuli kadhaa ndipo izitoe. Kwenye 44,100 Hz, bafa ya sampuli 256 ni milisekunde 5.8. Sauti hewani inatembea kama mita 2 kwa muda huo, ni sawa na kusimama mita 2 kutoka kwenye spika yako, hakuna anayelalamika. Lakini unahesabu kuingia na kutoka, kwa hiyo inakuwa mara mbili na zaidi kidogo. Bila draiva ya ASIO (inayopitisha sauti haraka), Windows inaweza kukupa mara nyingi ya hapo, na ndo huyo anayekuigiza. Weka draiva ya mtengenezaji wa kadi, kama haipo weka ASIO4ALL.

Ukirekodi bafa iwe 128 au 256. Ukimiksi peleka 1024, laptopu ipumue. Kwa ramu 4 treki iliyokamilika igandishe, Reaper inaigeuza kuwa faili la kawaida na plagini zake zinalala, ukitaka kubadili unaiyeyusha.

Fundi Mitambo

Kwa simu kuna BandLab, ni ya bure na ina amplifaya za gitaa ndani. Kwa kunasa wazo kabla halijapotea inatosha. Kwa kazi ya mwisho sikushauri, Android nyingi zinachelewa.

Mkuu mwenye uzi, nina swali na nina ushauri. Mimi ni wa mitambo kanisani, kazi yangu kubwa ni kupambana na ule mngurumo wa umeme. Intro yako kabla dramu hazijaingia, nikivaa hedifoni, nasikia *uuuuu* kwa mbali upande wa kushoto. Huo ni umeme wetu wa 50 Hz. Chukua ekolaiza, tengeneza shimo jembamba kwenye 50, jingine 100, jingine 150. Mimi nafanya hivyo kwenye gitaa la kwaya kila Jumapili na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mpiga Nyuzi

Fundi una masikio. Mngurumo upo, na uko kushoto tu kwa sababu treki ya kushoto nilirekodi nikiwa nimekaa upande wa friji.

Ila mashimo siyaweki, na sababu naipenda sana. Wimbo uko kwenye G. Besi ukibonyeza freti ya tatu kwenye waya wa E unapata G ya 49 Hz. Gitaa hapo hapo freti ya tatu, G yake ni 98 Hz. Yaani umeme wetu na wimbo wangu vimekaa jirani wa hezi 1 na hezi 2! Nikichimba 50 na 100 natoa mngurumo pamoja na noti ya msingi ya wimbo mzima, kila kordi ya nyumbani itakuja haina miguu. Wimbo wa kwaya ukiwa kwenye F au A hutasikia tatizo, ndiyo maana halijakukuta. (Na kwenye gitaa ile 50 imeshaondoka nilipokata chini ya 90. Kinachosikika ni 100 na 150.)

Dawa yake iko kwenye chanzo. Gitaa langu ni la pikapu za koili moja, zinakamata sumaku ya kila kitu. Zima friji ukirekodi, chomoa chaja laptopu itumie betri, taa za tyubu zima, kisha na hili watu hawaamini mpaka waone: shika gitaa, ongeza geini, nyamazisha nyuzi, halafu zunguka taratibu kwenye kiti. Mngurumo unapanda na kushuka, na kuna upande mmoja unakaribia kupotea kabisa. Unabaki umetazama huko huko mpaka treki iishe. Mimi upande wangu ni dirishani kuelekea uwanja wa ndege, kwa hiyo rithimu ya kulia nimeipiga nikiangalia ndege zinashuka.

Hiyo ya kushoto naipiga upya. Ni dakika nne tu.

Fundi Mitambo

Hii ya G nimeiandika kwenye daftari. Lakini una friji la nani hilo unalolizima zima, lina samaki?

Mpiga Nyuzi

Lina sato wa mwenye nyumba. Nusu saa hawaozi.

Mzee wa Solo

Vijana, nimesoma uzi wote kwa furaha. Mimi nilipiga gitaa kwenye dansi huku ziwani miaka ya 1980, leo vidole havitaki tena. Mambo ya Hz siyajui vizuri, lakini tatizo mnalolizungumza nalijua, tulikuwa nalo kila wiki ukumbini.

Bendi yetu ilikuwa na magitaa matatu na besi. Sheria ya kiongozi ilikuwa moja: hakuna kukaa kwenye freti za mwenzako. Rithimu yuko chini kwenye freti za kwanza, wa pili yuko kuanzia ya tano mpaka ya tisa, solo yuko juu ya hapo. Ukishuka kwa mwenzako anakukata jicho. Ndiyo maana mlipokuwa mnasikiliza rekodi za Radio Tanzania mlisikia kila gitaa, ingawa bendi nzima ilipiga kwa mkupuo mmoja, na mtu akikosea mnarudia wote.

Sasa nimemsikiliza kijana. Gitaa lake la kushoto na la kulia yote yanapiga kordi ile ile, mahali pale pale. Nguvu ipo, sikatai, ndivyo rock inavyotaka. Lakini kwenye ubeti, mmoja apige kordi hiyo hiyo juu, kwa umbo lingine, nyuzi tatu nyembamba tu. Mtaona mwimbaji anapata pa kusimama bila kukata kitu.

Mpiga Nyuzi

Shikamoo mzee wangu.

Nimejaribu jioni hii. Kushoto nimebaki na G ya chini, kulia nimepiga nyuzi tatu kuanzia freti ya saba. Nikaizima ile ekolaiza ya kushusha magitaa kwenye ubeti. Mwimbaji anasikika bila hiyo. Kwenye kiitikio nimeyarudisha yote chini, na sasa kiitikio kinapoingia kinatisha zaidi, kwa sababu ubeti ulikuwa umeacha nafasi.

Mzee wa Solo

Marahaba. Sasa nunua nyuzi mpya kabla hujarekodi tena, hizo zako zimekufa, nazisikia kutoka hapa.

Prodyuza wa Igoma

Mzee amemaliza ubishi wangu na wa mwenye uzi kwa aya tatu. Nyuzi mpya mtazipata kwenye maduka ya vyombo vya kwaya mjini, ulizia za namba 10. Wengi wanaweka za gitaa la kavu na ukikosea unalia.

Dada Alto

Habari za humu. Nyie mnaongelea magitaa tu, ngoja niwaongelee mwimbaji, maana prodyuza aliposema haelewi maneno nilijua siyo volumu.

Kiitikio kinasema "giza limetanda". Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: GI-za, lime-TA-nda. Sikiliza kaka anavyoimba. Ameanza nusu ya pigo baada ya pigo la nne, kwa hiyo "za" ndiyo inayoangukia mwanzo wa kipimo, na sneya ya pigo la pili inagonga kwenye "me". Inatoka "giZA liMEtanda". Sikio la Mswahili linasita, linajiuliza huyu anasema nini, na akishaelewa mstari umepita. Nyimbo nyingi za rock za Kiswahili ninazozisikia zina ugonjwa huu, kwa sababu mtu ametunga melodia akiwa anaimba maneno ya Kiingereza ya kubabaisha, kisha akajaza Kiswahili.

Anza kwenye pigo la nne lenyewe. GI inakutana na sneya ya nne, TA inakutana na sneya ya pili. Sneya inakusaidia kutamka badala ya kukugombeza.

Na hizo "s" na "z" zako zinachoma kidogo, kaa pembeni ya maiki, usiipulizie usoni.

Mpiga Nyuzi

Dada hii ni elimu.

Tempo ni 150, pigo moja milisekunde 400, nusu pigo 200. Kwa hiyo sikuimba upya, nimekata kiitikio chote nikakivuta nyuma milisekunde 200 kamili. Kikakaa kama kilivyotakiwa kukaa tangu mwanzo. Kilichobaki ni neno "ziwani" mwishoni, sasa linaisha mapema na linaacha tundu kabla ya gitaa, hilo nitaliimba tena nikilivuta. Bahati nzuri linaishia na irabu, naweza kuivuta mpaka pumzi iishe.

Kwa "s" nimeweka kompresa inayobana kuanzia 5,500 Hz kwenda juu pekee, ReaXcomp inafanya hiyo kazi. Kidogo tu, ukizidisha mwimbaji anakuwa na kithembe.

Kijana Nyegezi

Mkuu na riverbu (ule mwangwi wa ukumbi) umeweka ngapi? Mimi nikiweka kidogo haisikiki, nikiongeza inakuwa kama pango.

Mpiga Nyuzi

Kwenye sauti riverbu karibu hakuna. Nimetumia dilei ya milisekunde 200 mara moja tu, ya chinichini, inaendana na tempo kwa hiyo haionekani ila ukiizima unaona mwimbaji amesogea nyuma. Riverbu nimeipeleka kwenye sneya. Na riverbu yoyote ile, weka ekolaiza kabla yake, kata chini ya 500 Hz. Pango unalosikia ni besi na kiki zinazoingia humo.

Prodyuza wa Igoma

Nimesikiliza toleo jipya. Nimelipitisha kwenye sabufa ya sebuleni, simu, na kwa dereva wa bajaji hapa Igoma stendi bila kumwambia ni la nani. Mvuvi nimemwelewa, amerudi, mtumbwi ndo haukurudi. Dereva ameuliza kama ni wimbo wa dini.

Bado mdogo.

Mpiga Nyuzi

Nimesogeza limita (ile inayozuia vilele) mpaka wimbo ukafika -9.5 LUFS. Hapo ndo mwisho wangu, nikipita hapo sneya inaanza kulala.

Dramu Nyegezi

Wakuu nimechelewa uzi. Mimi napiga dramu, kanisani kwetu kuna seti nzima na siku za kati ya wiki ukumbi uko wazi, nimeshaongea na wahusika. Mkuu kama unataka dramu za mtu badala ya midi niko tayari. Tatizo tuna maiki nne tu na mixa inayotoa chaneli mbili kwenda kwenye kompyuta.

Mpiga Nyuzi

Nne zinatosha sana. Moja ndani ya kiki, moja juu ya sneya, mbili juu ya kichwa chako. Hizo mbili za juu pima kwa kamba: umbali wa kila moja mpaka katikati ya sneya uwe sawa, la sivyo sneya itakuwa inasikika upande mmoja na ukijumlisha mono inakonda. Kwa kuwa mixa inatoa mbili tu, za juu ziende kushoto na kulia, kiki na sneya ziwe katikati, na miksi yenyewe tuimalize pale pale kabla ya kubonyeza rekodi, hakuna kurekebisha baadaye.

Nakutumia faili lenye magitaa, sauti na metronomu, 150, linaanza na vipimo viwili vitupu vya kuhesabia. Zoezi la kwanza lipige na simu tu inatosha, nitumie nisikie. Alhamisi?

Dramu Nyegezi

Alhamisi kuna mazoezi ya kwaya. Jumatano saa nane mchana.

Dada Alto

Jumatano nakuja. Hilo "ziwani" mkaliimbie humo humo ukumbini, achaneni na kabati.